Maji kwenye buti, na yote niliyoyaziba bure

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nateremka mlima, nikakanyaga breki, na nyuma yangu kitu kikafanya chwaa. Nilipoachia breki kikafanya chwaa tena, kikirudi kilikotoka. Nikajiambia ni dumu la maji nimelisahau. Niliposimama na kufungua buti sikukuta dumu. Nilikuta kapeti imetandikwa vizuri, juu kavu kabisa, na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Nikainua kapeti, nikainua ubao ulio chini yake, na hapo nikaliona tairi la spea limejilaza kwenye dimbwi kama kiboko.

Nilichota kwa kikombe mpaka mkono ukachoka, nikamalizia kwa tambara. Ndoo ilinionyesha lita 7 na ushee. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nilikuwa nazunguka na kilo 7 za mvua, bila kuhesabu zilizonyonywa na kapeti. Jeki ilikuwa imeshikana kwa kutu, haizunguki. Rimu ya spea ilikuwa imeota magamba mekundu upande wa chini, ule usioonekana.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu: zile lita 7 nilizitengeneza mwenyewe. Maji yaliletwa na mvua, lakini aliyeyafungia mlango wa kutokea ni mimi.

Gari lenyewe ni saluni ya milango minne ya mwaka 1974. Nililipata likiwa limezeeka vizuri, injini nzima, rangi ya pili lakini ya heshima. Magari ya umri huo yana mambo mawili ambayo ningeyafikiria mapema yangeniokoa miezi mitano. Kwanza, bati lake ni chuma kitupu chini ya rangi. Kupaka zinki bodi nzima kulikuja kuenea baadaye. Audi 100, kwa mfano, ilianza kutoka na bodi yote yenye zinki mwaka 1985. Langu rangi ikipasuka, maji yanakutana na chuma uso kwa uso. Pili, kioo cha nyuma hakijabandikwa kwa gundi kama vya siku hizi. Kimevalishwa mpira mnene wenye mifereji miwili: mfereji mmoja unakumbatia kioo, wa pili unakumbatia ukingo wa bati. Basi. Kinachozuia maji hapo ni mkumbatio tu.

Dalili za kwanza zilikuwa ndogo. Baada ya mvua kubwa, kapeti ya buti ilikuwa na unyevu upande wa kushoto, karibu na taa. Kiganja kikiwekwa kinatoka na ubaridi, si maji. Kioo cha nyuma asubuhi kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nikafanya anachofanya karibu kila mtu mwenye gari kuukuu: nikautazama mpira wa buti, nikaona umekauka na una nyufa, nikamhukumu bila kumsikiliza.

Nikaagiza mpya. Ulikuja mnene kuliko wa zamani, na mgumu, kama mpira mpya ulivyo. Baada ya kuuvalisha, mlango wa buti haukutaka kufunga mpaka niugonge kwa nguvu, na hata ukifunga kona moja ilibaki imeinuka. Nikajifariji kwamba utazoea. Mvua ilipokuja, unyevu ukarudi palepale kushoto. Tena afadhali ya mwanzo, maana sasa hata hewa ilikuwa inapenya kwenye ile kona iliyoinuka, na nikiendesha vioo vikiwa wazi nasikia harufu ya moshi wa ekzozi ndani. Hili si la kuchezea. Gari linapokwenda, hewa nyuma yake huwa nyepesi na yenye mzunguko, huuvuta moshi na kuung'ang'aniza nyuma ya buti. Ukiwa na pengo, moshi unaingia na kupita nyuma ya siti mpaka mlipo. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, hivyo harufu ya moshi ni bahati njema, ni onyo unalopewa bure. Nililegeza bolti za komeo nikaliteremsha kidogo, nikasogeza bawaba, kisha nikajaribu kwa karatasi: unaweka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa buti, unafunga, unakivuta. Kikitoka kwa kusitasita, mpira unabana. Kikitoka kama barua kwenye bahasha, hapo hapabani. Nilizunguka mdomo mzima, karatasi ishirini na kitu, mpaka zote zikakataa kutoka kirahisi. Jaribio hilo linachukua dakika kumi na halihitaji fundi. Ningelifanya kabla ya kununua mpira, ningegundua kwamba ule wa zamani, na nyufa zake zote, ulikuwa bado unabana.

Mshtakiwa wa pili alikuwa taa ya nyuma ya kushoto. Hapa nilikuwa na ushahidi, au nilidhani ninao. Chini kabisa ya taa, kwa ndani, palikuwa na tone. Nililiona kwa macho yangu likining'inia. Nikaifungua taa, gasketi yake ilikuwa imekonda na kukakamaa, ikavunjika mkononi. Nikaona kesi imekwisha. Badala ya kutafuta gasketi, nikachukua tyubu ya silikoni iliyobaki kwenye kazi ya bafuni, nikaipaka kwa ukarimu, nikakaza nati mpaka plastiki ya taa ikalia. Ilikuwa ile silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka wakati inakauka, na asidi juu ya chuma kisicho na rangi ni sawa na kuialika kutu na kuivutia kiti. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba ninanuka siki na nimeridhika.

Mvua iliyofuata, tone likawa palepale.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ukiziba ufa usio wenyewe inakuwaje.

Kosa la tatu ndilo lililozaa zile lita 7. Nilijilaza chini ya gari nikaona mashimo mawili kwenye sakafu ya buti, moja katikati ya bakuli la tairi la spea na jingine kwenye mfuko wa pembeni, nyuma ya gurudumu la kushoto. Kila moja lilikuwa na kizibo cha mpira chenye mpasuko mdogo katikati, laini, kinachofunguka kikisukumwa kutoka ndani. Nikapata wazo ambalo usiku ule lilionekana la akili sana: maji hayatoki juu, yanarushwa na tairi kutoka barabarani na kupenya kwenye mipasuko hii. Nikaviziba vyote viwili, silikoni ndani, silikoni nje. Tangu siku hiyo buti langu likawa beseni.

Nilipokuwa nakamua tambara juu ya ndoo, siku ya chwaa, ndipo nilipoanza kulifikiria gari kwa namna nyingine. Waliolibuni hawakutegemea kwamba maji yatakaa nje. Walijua yataingia. Kuzunguka mdomo wa buti kuna mfereji wa bati, chini ya kioo kuna mfereji mwingine, ndani ya milango maji yanateremka kwenye kioo na kutokea chini kwenye vitundu. Gari lote limejaa njia za kuyapokea maji na kuyasindikiza nje. Nilikuwa nimeshughulika miezi kadhaa kama mtu anayeziba kila shimo la paa kwa kuangalia sakafu.

Safari hii niliamua sinunui kitu na sizibi kitu mpaka nimeyaona maji yakiingia. Si kuyaona yakiwa yameshaingia, la.

Nilitoa kila kitu: kapeti, ubao, spea, zile kadibodi zinazofunika pande, na siti ya nyuma yote, mgongo na makalio. Siti niliitoa kwa sababu mbili. Nilitaka kuona chini ya ule ubao ulio kati ya siti na kioo, na nilitaka mtu atakayekaa ndani ya buti awe na njia ya kutokea. Buti la gari la umri huu halifunguki kutoka ndani, na sikuwa tayari kumfungia mtoto wa dada yangu humo nikitegemea ufunguo. Nikakausha kwa tambara, nikaliacha juani siku mbili mlango wa buti ukiwa wazi. Kukausha huku ni muhimu kuliko kunavyoonekana. Bati la gari limeungwa kwa kupandishana, kipande juu ya kipande, na katikati ya maungio hayo maji hubaki na kuendelea kudondoka saa nzima baada ya mvua kuisha. Ukianza jaribio buti likiwa bado na unyevu, utashika tone la juzi na kulishtaki kwa kosa la leo. Baada ya kukauka nikanyunyiza poda ya watoto kila mahali, sakafuni na kwenye kuta, nyembamba kama vumbi. Maji yakipita kwenye poda yanaacha njia, kama konokono.

Mpwa wangu akaingia na tochi. Mimi nje na mpira wa kumwagilia maua, bila kichwa cha kubana maji, maji yakitoka polepole kama chemchemi. Wengi hukosea hapa, hufungulia maji kwa kasi wakidhani ndiyo kipimo. Maji ya kasi huingia hata pale ambapo mvua isingeingia, na yanaruka kila upande, kwa hiyo hujui yameingilia wapi. Na lazima uanzie chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji yanateremka na kulowesha kila kitu, basi umepoteza siku.

Nilianza usawa wa bampa. Dakika kumi. Nikapanda kwenye taa ya kushoto. Dakika kumi nyingine.

"Mjomba, hakuna kitu."

"Endelea kuangalia."

"Naangalia, ila shingo yangu haiangalii tena."

Taa kavu. Yaani mshtakiwa wangu wa pili, niliyempaka silikoni na kumkaza mpaka akalia, hakuwa na hatia, angalau siku hiyo. Nikapanda kwenye mdomo wa buti, pembeni, kisha juu kwenye mfereji. Kavu. Nilikuwa nimeanza kuona aibu mbele ya kijana. Nikauweka mpira kwenye kona ya chini ya kioo cha nyuma, upande wa kushoto, nikasubiri. Dakika ya tatu, ya nne.

"Mjomba."

"Nini?"

"Waya unatoa jasho."

Sikumwelewa. Akaniambia niinamie kwenye siti nione. Kutoka kwenye kona ya kioo unateremka mkungu wa nyaya zilizofungwa kwa tepu nyeusi, unapita kwenye ukuta wa ndani juu ya gurudumu, unazunguka, halafu unaingia kwenye taa ya nyuma. Kwenye mwanga wa tochi ile tepu ilikuwa inang'aa. Juu yake maji yalikuwa yanateremka, si kama mchirizi, kama utando, taratibu mno kiasi kwamba ukiyatazama hayatembei, ukiangalia pembeni na kurudi yamesogea. Mkungu ulipofika karibu na taa ulikuwa umening'inia kidogo kabla ya kupanda tena kuingia kwenye soketi. Pale kwenye tumbo la mning'inio utando ulijikusanya, ukawa tone, ukaning'inia. Lile lile. Likaanguka kwenye poda, likafanya kitobo cheusi.

"Panda nao kwa kidole," nikamwambia. "Utaje palipolowa."

"Hapa pameloa. Hapa. Hapa pia. Sasa unaingia nyuma ya bati, mkono haufiki. Lakini bati lenyewe kwa juu limeloa, mpaka kwenye mpira wa kioo."

Kutoka kona ya kioo mpaka kwenye tone ni kama mita moja na robo. Maji yalikuwa yamesafiri umbali wote huo gizani, yamegeuka kona mbili, bila kudondoka popote njiani. Maji hayateremki wima kama jiwe. Hushika uso wa kitu na kuufuata, hata kwa kutembea chini ya bati kama mjusi kwenye dari, na huachia tu pale uso unapobadilika: kwenye ukingo, kwenye ncha, kwenye sehemu ya chini kabisa ya waya. Palipo na tone ndipo safari inapoishia.

Tulifunga maji. Tone liliendelea kudondoka kwa dakika 40. Nililihesabu kwa saa, kwa hasira.

Upande wa kulia ulikuwa mkavu, na hilo nalo lilinisumbua mpaka nilipokumbuka ninapoegesha. Pale mahali pana mteremko mdogo kuelekea kushoto, usioonekana, lakini ukiweka bilauri ya maji juu ya paa la gari utauona. Kila mvua ya miaka yote hiyo ilikuwa inakusanyika kwenye kona moja ya kioo. Kona ya pili ilikuwa inasubiri zamu yake.

Kioo nilikitoa kwa kuukata mpira. Unaweza kuutoa mzima kwa kuubenjua mdomo wake kutoka ndani, lakini mpira wa miaka hiyo haurudishwi, kwa hiyo nilichukua kisu kikali nikaukata mdomo wa nje kuzunguka, tukakiinua kioo watu wawili na kukilaza juu ya blanketi. Kioo cha nyuma huwa ni cha aina ngumu iliyopitishwa kwenye joto. Katikati kinavumilia kipigo, lakini kikigongwa ukingoni kwa kitu kigumu chote kinageuka chembechembe mara moja. Kwa hiyo hakuna bisibisi. Nilitumia kijiti nilichochonga.

Chini ya mpira, kona ya kushoto, sikuhitaji kutafuta. Rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na nilipoigusa kwa ncha ya kijiti ilianguka kipande kizima. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo inapoanza chini ya mpira inavimba, inauinua mpira, mkumbatio unalegea, maji zaidi yanaingia, kutu zaidi inaota. Hakuna haja ya nyufa juu ya mpira. Mpira wangu ukiutazama kwa nje ulikuwa mzima. Nilisugua kwa brashi ya waya. Nilianza na vitundu vitatu vya ukubwa wa punje ya mchele, nikamaliza na tundu moja la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Usisikitike tundu likikua unaposugua. Lilikuwa kubwa tangu mwanzo, lilikuwa limefunikwa tu.

Kuchomelea sijui, na sikutaka kujifunzia hapo. Fundi niliyempelekea aliangalia dakika moja akaniuliza tangi la petroli liko wapi. Nilipomwonyesha, nyuma ya mgongo wa siti, akaniambia niondoke nalo na nirudi bila hilo tangi. Nilimheshimu kuanzia hapo. Tuliondoa tangi, akachomea kiraka cha bati kidogo kuliko kadi ya simu, akasaga usawa.

Kazi ya rangi niliifanya mwenyewe na sitaieleza sana: msasa, dawa ya kugeuza kutu, praima mara mbili, rangi mara mbili. Ile dawa ina asidi, ya tanini au ya fosfora kutegemea aina, na inaifanya kutu iliyobaki kwenye vishimo kuwa ngozi nyeusi isiyoendelea kula. Inafaa kwa mabaki. Haifai kwa kutu inayobanduka kama magamba. Hiyo sharti isuguliwe kwanza. Nilisubiri wiki nzima rangi ikomae kabla ya kuifunika kwa mpira. Wiki hiyo gari lilikaa ndani, kioo kwenye blanketi, na mimi nikitembea kwa miguu nikipatana na nafsi yangu.

Kurudisha kioo ndiyo sehemu iliyonipa raha, ingawa mara ya kwanza tulishindwa. Unauvalisha mpira mpya kwenye kioo kwanza, mezani. Halafu kwenye mfereji ule utakaokumbatia bati unalaza kamba nyembamba ya nailoni kuzunguka kioo kizima, ncha zake mbili zipishane chini katikati kama kiganja kimoja na nusu, zikining'inia upande wa ndani. Unapaka maji ya sabuni, mengi. Mmoja anakiweka kioo kwenye tundu lake kutoka nje na kukikandamiza kwa viganja. Mwingine yuko ndani, anavuta ncha ya kamba taratibu kuelekea katikati ya gari. Kamba inapotoka, inaubenjua mdomo wa mpira na kuupandisha juu ya ukingo wa bati. Inatoa sauti ndogo kila inapopita, plop, plop, plop.

Mara ya kwanza tulifika kona ya kulia juu, kamba ikakatika. Nilikuwa nimebania sabuni, kana kwamba ni dawa ya mgonjwa. Tukatoa, tukapaka upya mpaka mpira ukawa unateleza kama samaki, kamba nene kidogo.

"Mjomba, kandamiza hapo juu. Juu zaidi. Hapo hapo, usiachie."

Safari hii kijana ndiye alikuwa ndani na kamba, mimi nje, na sauti ya amri ilikuwa imehama bila mtu kutangaza. Ilichukua robo saa. Kisha nikainua mdomo wa nje wa mpira kwa kijiti na kuingiza chini yake ile gundi nyeusi isiyokauka, kuzunguka kote upande wa bati, na kiasi upande wa kioo. Isiyokauka ndiyo inayotakiwa, maana bodi ya gari inajinyonga kidogo kila linapopita kwenye shimo, na kitu kilichokauka kinapasuka.

Kisha ikanibidi kuvilipa vile viporo vyangu vya silikoni. Sikuwahi kufanya kazi ya kuchosha kama hiyo. Silikoni ikishakaa, hakuna kinachoshika juu yake; rangi haishiki, gundi nyingine haishiki, hata silikoni mpya haishiki sawasawa. Kuibandua kwenye taa kulinichukua mchana wote, kwa kucha, kwa plastiki, kwa spiriti, na chini yake, kwenye mchubuko ambao mimi mwenyewe niliufanya kwa bisibisi, tayari palikuwa na doa la kutu changa la rangi ya chungwa. Nikalisugua, nikapaka rangi, nikaweka gasketi halisi. Nati nikazikaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, kwa kupokezana za mshazari. Plastiki ilikuwa na ufa mwembamba pale nilipoikaza mara ile. Huo nao ni wangu.

Vizibo vya chini nikavinunua vipya, vyenye mpasuko uleule. Kabla ya kurudisha chochote nilimwaga kikombe cha maji ndani ya bakuli la spea, nikajilaza chini ya gari. Yalikaa kidogo kama yanayofikiri, halafu mpasuko ukafunguka na yakadondoka mbele ya pua yangu, mstari safi. Nilimwaga kikombe cha pili kwa kupenda tu.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa siku ya nne. Sikusubiri asubuhi. Nilitoka na tochi na mwavuli, nikafungua buti kwa tahadhari ili maji ya juu ya mlango yasimwagike ndani na kuniharibia ushahidi. Poda ilikuwa nyeupe. Waya ulikuwa mkavu, nikaupitisha kidole kutoka kwenye taa mpaka unapoingia nyuma ya bati. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu nilipoona, chini ya bawaba ya kushoto, mchirizi mmoja mwembamba kama uzi umeshuka kwenye poda na kuishia nusu ya ukuta.

Asubuhi nikaufuata. Pale bawaba ilipofungwa, maungio mawili ya bati yanakutana ndani ya mfereji, na ile gundi ya kiwandani iliyopakwa juu ya maungio ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ufa wake unaingiza ukucha, si zaidi. Kwenye jaribio letu maji ya mpira hayakuufikia, kwa sababu niliyamwaga katikati ya mfereji nikaona yanatosha. Niliikwangua gundi yote ya zamani kwenye ule mfereji, kushoto na kulia, nikapaka mpya inayobaki laini, nikaisawazisha kwa kidole chenye maji ya sabuni.

Tangu hapo imenyesha mara moja, mvua ya saa tatu, na poda haikuguswa. Kapeti bado imeanikwa stoo, spea imeegemea ukuta karibu yake. Mpwa wangu ananiuliza kila akija ni lini tutarudisha, maana siti ya nyuma nayo iko sebuleni na yeye ndiye anayeikalia. Nimemwambia mvua tatu. Imebaki mbili.